Jina la Mtumaji

Mama yangu mkubwa alinyang'anywa simu yake na mwanawe wa kwanza, Jumapili mchana, sebuleni kwake Isansa, sahani za wali zikiwa bado mezani. Sababu ilikuwa sentensi moja ya maneno manane. Sentensi hiyo niliiandika mimi. Nililipwa kuiandika, na aliyenilipa aliisifu kwamba ni fupi.

Nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwa nimeacha kazi ya redio. Kwa miaka mingi niliripoti habari za Tunduma ambazo kila mtu wa Tunduma anazijua kabla hazijatangazwa: foleni ya malori, bei ya mahindi, maji yaliyokatika. Kisha wakaja vijana wanne kutoka Dar es Salaam, wakapanga vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye barabara iendayo mpakani. Walikuwa na mabegi ya mgongoni yanayofanana, na kopo kubwa la kahawa ya unga. Walileta kahawa ya kopo Songwe, mkoa unaolima kahawa. Hilo peke yake lilinitosha kuwajua, lakini nilikuwa sina kazi.

Mkuu wao alijiita kiongozi wa mradi, na alikuwa na msemo mmoja aliouingiza kila mahali: mama wa kijijini. Tunamrahisishia mama wa kijijini. Tunamfikiria mama wa kijijini. Siku ya kwanza nilimuuliza kijiji gani.

"Kijiji chochote, dada," alisema. "Mama ni mama."

Hajawahi kupita Vwawa. Nilipomtajia Ivuna aliniuliza kama kuna hoteli yenye maji ya moto.

Walichokuwa wanatengeneza kinaelezeka kwa urahisi, ingawa wao walihitaji picha arobaini ukutani kukieleza. Mtu anaiuliza simu kwa Kiswahili cha kawaida: mwezi uliopita nilimlipa nani? Fulani alinitumia kiasi gani? Akili mnemba ndiyo inayosikiliza na kujibu, lakini yenyewe haioni miamala ya mtu. Inapewa kifaa cha kutafutia. Inakipa jina, tarehe, kiasi, na kifaa kinapekua taarifa ya miamala na kurudisha mistari inayolingana. Sasa, ili hiyo akili ijue kukitumia kifaa, lazima mtu akae chini aandike kila kipengele kina maana gani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Msomaji wangu hakuwa binadamu. Katika maisha yangu yote ya kuandika sijapata msomaji mtiifu kama yule, wala mjinga kama yule.

Niliifanya kazi kwa utaratibu. Kipengele cha tarehe nilikipa siku mbili, maana kuna wanaoanza na mwezi na wanaoanza na siku. Kipengele cha kiasi nilikipa siku nzima: koma, nukta, makato ndani au nje. Kipengele cha jina la mtumaji nilikipa muda wa kunywa chai nusu kikombe. Niliandika: Jina la mtumaji ni jina la aliyetuma pesa. Nikaendelea mbele.

Hilo ni kosa ambalo mtu wa Dar asingeweza kulifanya, kwa sababu asingejua kwamba kuna jambo la kusahau. Lilihitaji mtu wa hapa.

Anayefanya kazi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, analipwa kwacha. Akitaka kumtumia mama yake Mbozi, haendi benki. Anakwenda kwa mbadilisha fedha pale kivukoni, watu wanapovukia mpaka kwa miguu, anampa kwacha, yule anabonyeza kikokotoo, na badala ya kumhesabia shilingi mkononi, anaziweka moja kwa moja kwenye namba ya mama kutoka kwenye laini yake ya uwakala. Ada ya kutuma inakwepwa. Kampuni za simu zinakataza, na watu wanafanya mchana kweupe. Kwa hiyo ujumbe unapoingia Isansa au Ihanda, unakuja na jina la kibanda cha mbadilishaji. Hakuna anayelisoma jina hilo. Mama anaangalia kiasi. Kikiwa kimekatikakatika, elfu themanini na tatu mia nne hamsini, anajua kimetoka ng'ambo, kwa sababu kwacha ikigeuzwa haiji namba kamili. Kisha simu inaita, mtoto anauliza, "Imeingia?" Mama anajibu, "Imeingia." Basi.

Nimelijua hilo kama ninavyojua kuvua viatu mlangoni. Niliwahi kulitangaza redioni mara mbili. Na kwa sababu nilikuwa nalijua hivyo, sikuliandika. Nani anaandika kwamba watu wanavua viatu mlangoni? Kiongozi wa mradi aliniajiri kwa ajili ya mambo ya namna hiyo hasa. "Wewe ndiye mtu wetu wa hapa," alikuwa akiniambia, na mimi nilikuwa natikisa kichwa kama mtu aliyepewa cheo.

Baadaye wafadhili walitaka kuona mtumiaji halisi. Nilimtoa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu: mjane, ana shamba la kahawa, anauza mwenyewe, anapokea malipo kwenye simu yake mwenyewe. Kiongozi alifurahi kana kwamba nimemletea mnyama adimu.

Nilimpeleka Vwawa kwenye dawati la kampuni ya simu. Aliweka kidole, wakatupa taarifa yake ya mwaka mmoja na nusu, kurasa kadhaa za kuingizwa kwenye mashine. Kwenye gari alizishika mapajani kama mtoto mchanga asiyejulikana ni wa nani.

"Sasa hao watu wako wanataka kujua nini kwenye simu yangu?"

"Hawataki kujua wao, mama mkubwa. Wewe ndiye utauliza, mashine ikujibu."

"Niulize mashine mambo yangu mwenyewe? Kwani nimeyasahau?"

Nilicheka. Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika mradi mzima, na mimi, mwandishi wa habari, nilicheka.

Jumapili ile tulifika baada ya ibada. Walikuwapo mwanawe wa kwanza, ambaye ana duka la mbolea na dawa za mimea Mlowo, na baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu mumewe, mzee wa kanisa, anayeendesha vikao vya ukoo. Sikujua kwamba tumeingia katikati ya kesi. Kwa misimu miwili kaka huyo alikuwa anataka fedha za kahawa zipitie kwake. Alikuwa anasema mama amezeeka, anasahau. Na ushahidi wake mkubwa ulikuwa bati. Nyumba ya mama mkubwa ilikuwa imeezekwa upya mwaka uliotangulia. Mama alikuwa akimwambia kila mgeni kwamba bati zile ni za mwanawe wa pili, mpakiaji wa magunia kule Nakonde. Kaka alikuwa akisema ni zake.

Kiongozi wa mradi alipanga simu yake juu ya meza, akaiegemeza kwenye bakuli la maharage ili sauti isikike vizuri.

"Mama, uliza chochote."

"Chochote kama nini?"

"Uliza habari ya bati," alisema kaka.

"Bati haziko kwenye simu," alisema mama mkubwa.

"Aliyezilipia yuko. Uliza mdogo wangu amekutumia shilingi ngapi."

Mama mkubwa alimtazama mwanawe, kisha akaitazama ile simu kwenye maharage. Akauliza kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgeni asiyesikia vizuri. Alilitaja jina la mwanawe kamili, lote, pamoja na la ubatizo, na akauliza amemtumia kiasi gani tangu mwaka jana.

Mashine ilijibu kwa sauti ya mwanamke mpole. Ilisema imepitia miamala yake yote, na hakuna pesa yoyote iliyotumwa na mtu huyo. Ikaongeza kwamba ni jambo la kawaida kusahau mambo ya zamani, na kama angependa, ingeweza kumsaidia kuweka kumbukumbu.

"Mwongo," alisema mama mkubwa.

"Nani, mama?"

"Huyo mwanamke."

Kiongozi alicheka, akapiga picha. Kaka hakucheka.

"Mama, mashine haina mtoto inayempenda."

"Na bati nilinunua kwa pesa gani? Niliziokota?"

"Nilikuletea mimi."

"Wewe uliniletea misumari! Kilo mbili, na moja ilikuwa na kutu."

Baba mdogo aliinua mkono, kama anavyofanya kanisani. "Shemeji, tuelewane. Hii imesoma karatasi za kampuni. Wewe unasoma kichwa chako."

"Kichwa changu kilikuwepo, shemeji. Hii ilikuwepo?"

Kiongozi wa mradi, ambaye hakuwa ameelewa kinachoendelea, alichagua muda ule kusema kwamba hapo ndipo tunaona thamani ya taarifa sahihi kwa mama wa kijijini. Baba mdogo alimwangalia kwa heshima. Amekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu, na sidhani kama niliwahi kumwona akimwangalia mchungaji hivyo.

Kaka alinyoosha mkono. "Lete simu nikutunzie, mama. Na fedha za kahawa msimu huu tutazipanga pamoja." Mama mkubwa alitutazama mmoja mmoja. Kwangu alikaa kidogo zaidi. Aliifuta simu kwa ncha ya khanga, kitochi cha vibonye kilichofungwa mpira usiachie betri, akaiweka mezani, wala hakuiweka mkononi mwa mtu. Kaka aliichukua. Namba ya siri alikuwa anaijua, maana ndiye aliyemsajilia.

Hapo ningepaswa kuandika kwamba nilisimama nikasema jambo. Sikusema. Na sababu si woga. Sababu ni kwamba niliamini. Kwa muda wa kama nusu saa niliamini kwamba mama mkubwa, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, amejitungia mtoto mwema. Niliiamini mashine iliyokuwa imesoma maneno yangu mwenyewe, kama mtu anayejiandikia barua ya sifa kisha akaipokea kwa machozi.

Tulikuwa tumepita Mlowo tukirudi nilipotoa zile kurasa kwenye bahasha. Kiongozi alikuwa anazungumza kwenye simu, akieleza jinsi siku ilivyoenda vizuri. Nilipitisha kidole. Elfu themanini na tatu mia nne hamsini. Elfu sitini na moja mia mbili sabini na tano. Elfu tisini na mia sita. Mara moja, mwezi kabla ya kuezeka, laki nne na kitu, nayo imekatika vilevile. Zote kutoka kibanda kimoja cha kivukoni. Mtoto wa darasa la nne wa Tunduma angeziona akasema hizi zimetoka ng'ambo.

Nilimwambia kiongozi asimamishe gari. Hakusimamisha. Alisema tutaongea ofisini.

Asubuhi nilianzia kivukoni. Mbadilishaji nilimjua kwa sura tangu enzi za redio, mtu mzima mwenye kofia ya sufu mvua na jua. Ana salamu ya kila mteja, na asiyejulikana anasalimiwa Kibemba kwanza.

"Mulishani, mama."

"Mimi ni wa hapahapa."

"Wa hapahapa wana shida kuliko wa kule. Sema."

Nilimwonyesha karatasi. Hakuhitaji kuisoma. "Huyu wa magunia? Namjua. Akishusha mzigo analipwa, akilipwa anakuja hapa. Ananiambia weka kwa mama. Namba ya mama naijua kuliko ya mke wangu."

"Utakuja Isansa useme hivyo mbele ya kaka yake na baba yake mdogo?"

Alivua kofia, akaivaa tena. "Niseme nini? Kwamba nabadilisha fedha bila kibali na naweka hela za watu kinyume cha mkataba wa laini? Nikae kwenye kiti, nipewe soda, niyaseme hayo?"

"Hawatakushitaki."

"Wewe uliyekuwa redioni ndiye unaniambia hivyo?"

Nilikunja karatasi, nikaondoka.

Ofisini niliandika sentensi tatu. Kwamba jina la mtumaji linaweza kuwa la wakala au kibanda, si la aliyetoa fedha. Kwamba jina likikosekana, isisemwe kuwa mtu huyo hajatuma. Isemwe kuwa jina halionekani, na muulizaji aonyeshwe mistari yote iliyowekwa na mawakala. Na kwamba isimwambie mtu kamwe kuwa amesahau. Kiongozi alizisoma akiwa amesimama, kikombe cha kahawa ya kopo mkononi.

"Nzuri, dada. Ila ndefu."

"Ni sentensi tatu."

"Kila neno linalosomwa na mashine tunalilipia. Kila mara inapoulizwa. Zidisha kwa mama wote wa kijijini."

"Mmoja amenyang'anywa simu."

"Hilo ni suala la familia, siyo la kifaa. Kifaa kilifanya ulichokiambia." Alisema hivyo kwa upole, bila kunishutumu, na ndiyo sababu sijamsamehe. Alisema toleo limeshafungwa kwa ajili ya wafadhili. Sentensi zangu angeziweka kwenye orodha.

Orodha ile niliiona. Ni ukurasa mrefu kwenye kompyuta. Juu ya sentensi zangu kuna ombi la kubadilisha rangi ya kitufe.

Nilimpigia simu mdogo wangu wa Nakonde, yule mpakiaji wa magunia. Alikuwa ameshasikia. Habari ya ukoo haihitaji redio.

"Dada, kwani mama alisemaje?"

"Alisema mwongo. Aliiambia mashine."

Alicheka kidogo, nikasikia makelele ya malori nyuma yake. "Basi inatosha. Ila nimeacha kutuma."

"Usiache. Ukiacha utakuwa umewapa ushindi."

"Nitume kwa nani? Simu anayo kaka. Nimbebee kaka magunia?"

Kwa hiyo sasa ile sauti pole ya mwanamke ikiulizwa kuhusu miezi hii, itasema hakuna muamala, na itakuwa inasema kweli.

Nilirudi Isansa na zile kurasa, nimezungushia kalamu nyekundu kila mstari wa kibanda. Kaka alikuja kutoka Mlowo, baba mdogo akakaa kwenye kiti kilekile. Nilieleza kwa utaratibu: kwacha, mbadilishaji, laini ya uwakala, kiasi kilichokatika. Kaka ni mfanyabiashara wa Mlowo. Wateja wake nusu wanalipwa kwa njia hiyohiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kidole kwenye karatasi.

"Hapa pameandikwa jina la kibanda. Jina la mdogo wangu liko wapi?"

"Kaka, unajua jinsi inavyokuwa."

"Mimi nauliza kilichoandikwa."

Jina la mtumaji ni jina la aliyetuma pesa. Hakuwahi kuisoma sentensi ile, na sasa alikuwa anaisema kama vile ameizaa. Nilimtazama baba mdogo. Alisema nimlete huyo mbadilishaji aseme mwenyewe. Nikasema hawezi kuja. Akasema basi.

Mama mkubwa alikuwa mlangoni akichambua kahawa kwenye ungo, akitoa zilizooza. "Huyu alikuja na mashine," alimwambia kaka bila kuinua kichwa, akimaanisha mimi. "Sasa amekuja na karatasi. Akija mara ya tatu aje na bati zenyewe zizungumze."

Nilipokuwa naondoka alinisindikiza mpaka barabarani. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza akaniuliza kama pale ofisini bado wananilipa. Nilisema bado. "Basi wakulipe mpaka uisahihishe," alisema. Sijui kama lilikuwa agizo au kejeli. Kwake vyote huja kwa sauti moja.

Bado nipo kwenye kile chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wafadhili walikuja, wakaona video ya siku ile, ile ya simu kwenye maharage. Wameikata kabla ya neno mwongo. Sentensi ya maneno manane ipo kama nilivyoiandika, na zile tatu zipo kwenye orodha chini ya rangi ya kitufe. Rangi ya kitufe imeshashughulikiwa.

Wiki iliyopita mama mkubwa alikwenda kwa miguu kwenye chama chao cha kahawa kuomba malipo yake ya awali asiwekewe kwenye namba yake, apewe mkononi. Karani alimwambia namba iliyosajiliwa ni yake na alama ya kidole ni yake, kwa hiyo hakuna tatizo. Kama anataka kubadilisha, aje na simu hiyo. Malipo yanatarajiwa kutoka kabla mwezi haujaisha. Simu iko Mlowo, kwenye droo ya duka la mbolea.